Mitungi ya Mzee Okello

Mota ikiungua mtaani Kondele, Kisumu, watu humpelekea Aoko aizungushie waya mpya. Wanakuja na pampu za maji, mashine za kusaga zilizojaza soko moshi, feni za vinyozi, na wale wasiolijua jina lake huuliza tu, "Yule mama wa waya yuko wapi?" Kibanda chake kiko nyuma ya safu ya wauza viatu vya mitumba, na ndani hamna pa kukaa ila ndoo iliyopinduliwa. Ana miaka hamsini na tisa. Ni mjane, mfupi, mnene wa mabega, na vidole vyake vimekauka kwa vanishi hata simu yake mwenyewe haivitambui akiigusa.

Kwa Kijaluo, waya ni shangazi, dada ya baba. Basi watoto wa mdogo wake wakimpigia kelele kutoka barabarani, "Waya! Waya!" wateja hudhani wanaulizia bidhaa.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano, mchana haujapanda vizuri, aliyemwita hivyo alikuwa Nelima, mke wa Frankline, mtoto wa Oketch, yule mdogo wake. Nelima ni msichana wa Port Victoria, Mluhya, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na kwa kuwa Kijaluo hakijamkaa sawasawa ulimini, nyumba yote ya kina Aoko kijijini Seme huzungumza naye Kiswahili. Alisimama mlangoni na kitambaa kichwani, amekumbatia mkoba kama mtu aliyepanda gari bila kuaga.

"Umetoka Seme saa ngapi, mama?" Aoko akamuuliza.

"Mapema. Hawajui nimekuja."

Aoko akaweka koleo chini, akampisha akae kwenye ndoo.

"Waya, kesho wanachoma vitu vya Mzee," Nelima akasema. "Sanduku lote. Na wanataka kung'oa msalaba kaburini. Jina lake halitatajwa tena kwa maombi ya ile nyumba."

Mzee aliyetajwa alikuwa Mathews Okello, baba yake Aoko na Oketch, aliyefariki miaka minne nyuma akiwa amepita tisini. Aoko hakuelewa. Ilibidi Nelima aanze mwanzo, na mwanzo wake ulikuwa mchungu. Katika miaka miwili alikuwa amepoteza mimba mbili, ya kwanza ikiwa na miezi mitano, ya pili saba. Baada ya ile ya pili, kanisa lao la kijijini lilifunga na kuomba, na watu wakaanza kuulizana kama boma lile halina kitu kilichofukiwa. Kisha mvua ya Aprili ikaangusha ukuta wa nyumba ya marehemu, ambayo kama desturi inavyotaka ilikuwa imeachwa ianguke yenyewe. Oketch alipookoa vilivyobaki ndani, akapata sanduku la mbao, na juu ya sanduku daftari.

"Liliandikwa Kiswahili," Nelima akasema. "Ningekuwa sijui kusoma ingekuwa afadhali. Mimi ndiye waliniambia nisome."

Alikuwa amepiga picha ukurasa mmoja. Aoko akaifuta simu kwa kanga, akaisogeza kwenye mwanga. Mwandiko ulikuwa wa baba yake, wa kulala upande wa kulia, wino umegeuka kahawia. *Mitungi 2 kati ya anga na ardhi. Robo mtungi mlangoni kwa taa ya kwanza. Mtungi 1 ni sawa na sentimita 1000.* Chini yake palikuwa na mchoro: mistari miwili mifupi imesimama ikitazamana, na pembeni mistari mitatu mingine imelala, ya juu ndefu, ya kati fupi, ya chini fupi zaidi, kama kitu kinachozama.

Aoko akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia.

"Unacheka, Waya," Nelima akasema polepole. "Mimi nimezika wawili."

Kicheko kikakatika. Aoko akavuta kiti cha jirani, akakaa karibu naye hadi magoti yakagusana.

"Nisamehe, mama. Sikukucheka wewe. Hii ni ramani ya redio. Hii mistari mitatu tunaiita ardhi, ni waya unaoteremka mchangani. Anga ni ule waya unaotundikwa juu kushika mawimbi. Na taa ni taa za ndani ya redio za zamani, mlangoni ni pale mawimbi yanapoingilia. Hakuna uchawi hapa."

"Na mitungi?"

Aoko akaitazama tena picha. Mistari miwili inayotazamana aliijua vizuri kuliko jina lake: ni alama ya kapasita, kile kidude kinachoshika umeme kidogo na kuuachia. Analo kopo zima la kapasita, kila pampu inayo moja. Lakini maisha yake yote hakuwahi kusikia mtu akiziita mitungi, hata baba yake.

"Mitungi sijui," akasema.

Nelima akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetegemea jibu hilo. "Sikuja kukuambia uwazuie. Nimekuja kwa sababu mimi ndiye wanayemchomea. Kama ni kweli, nitabeba kuni mwenyewe. Na kama si kweli, nitakuwa nimekula jina la mtu ambaye hakunikosea."

Aoko akamwomba muuza viatu amwangalizie kibanda. Akatia mita yake ya kupimia umeme ndani ya mfuko, akafunga kufuli.

*

Watu wengi wa Seme walimjua Mzee Okello kama mzee wa redio, basi. Aoko alijua zaidi kidogo, ingawa alikuja kugundua siku hizo mbili kwamba hakujua yote. Vita kuu ya pili ilimkuta kijana aliyekuwa anaanza kunyoa ndevu. Akapelekwa Mombasa, na kwa kuwa alijua kusoma, akatiwa kwenye karakana ya simu za upepo, kama redio zilivyoitwa zamani hizo. Mwalimu wao alikuwa baharia mzee wa Kiingereza ambaye walimwita Bwana Ndevu. Alikuwa amekwisha kustaafu, akarudishwa kazini kwa sababu ya vita. Vijana aliowafundisha walitoka kila pembe ya nchi, hawana lugha moja ila Kiswahili, na Bwana Ndevu naye alikitwanga vilevile. Kila neno la kazi alilowapa kwa Kiingereza aliwatafutia na la Kiswahili, likifaa lisifae.

Baada ya vita, Okello alirudi ziwani, akafanya kazi ya msaidizi wa fundi kwenye meli zilizokuwa zikizunguka kutoka Kisumu. Alipoacha kazi akajenga nyumba Seme, na ndani yake akaunda redio kwa mikono yake. Jioni watu walijaa uani kusikiliza habari. Aoko alipokuwa na miaka tisa, baba yake alimkalisha chini na mrija wa karatasi ngumu na waya mwembamba, akamwambia azungushe mizunguko mia mbili arobaini. "Ukipoteza hesabu, fungua yote, anza upya." Aliipoteza mara tano. Mara ya sita hakuipoteza, na tangu hapo mikono yake haijapata kazi nyingine.

*

Walipofika Seme, Aoko aliona mashimo kabla hajaona watu. Yalikuwa matatu. Moja lilikuwa katikati ya uwanja, limechimbwa kwa uangalifu, kingo zake zimenyooka.

"Hilo ni la sentimita elfu moja," Nelima akamnong'oneza. "Walipima kwa utepe kutoka mlangoni. Mita kumi kamili. Hawakupata kitu."

La pili nalo lilikuwa tupu. La tatu lilikuwa chini ya dirisha la nyumba iliyoanguka, na kando yake, juu ya gunia, kulikuwa na walichokipata: bamba la shaba lenye ukubwa wa sinia, kijani kwa kutu, na waya mnene umeunganishwa katikati yake. Udongo uliolizunguka ulikuwa mweusi kwa mkaa uliopondwa.

Oketch alitoka nyumbani kwake akifunga vifungo vya shati. Alikuwa mdogo wa Aoko kwa miaka minne, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu mapema, mtu mpole aliyezoea kusikilizwa. Alipomwona dada yake, uso wake ulionyesha aibu kwanza, kisha ukakazika.

"Kwa hiyo umeambiwa."

"Nimeambiwa. Oketch, hili bamba nalikumbuka. Baba alilifukia mimi nikiwa mdogo, nikamshikia taa ya chemni. Ni ardhi ya redio yake."

"Na mkaa?"

"Mkaa unashika maji. Udongo ukikauka umeme haupiti, redio inakoroma. Baba alikuwa anamwaga na chumvi pale, kila kiangazi, na ndoo ya maji."

"Shaba, mkaa, chumvi, na maneno yaliyoandikwa," Oketch akasema. "Dada, ungeyakuta kwa jirani ungesema nini?"

Hilo lilimgusa, kwa sababu alijua angesema nini.

Mzee Oyugi, mwangalizi wa kanisa, alikuwa amekaa kivulini kwenye kiti cha plastiki, daftari limefunikwa kitambaa cheupe mapajani mwake. Aoko alikuja amejiandaa kugombana naye, lakini mzee alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza swali moja tu.

"Mama Aoko, bamba umelieleza, na mimi sina elimu ya kukupinga. Lakini baba yako hakuandika bamba. Ameandika mitungi. Mitungi iko wapi? Nikiwaambia watu waache kuchimba, na mtungi uko chini, na huyu binti apate tena yaliyompata, nitamwambia nini?"

Lilikuwa swali la haki, na lilimwumiza Aoko zaidi kwa sababu liliulizwa kwa upole.

"Nipe sanduku na daftari mpaka kesho adhuhuri," akasema. "Nikishindwa, nitawasha kiberiti mwenyewe."

Oyugi akamtazama Oketch. Oketch akatazama mashimo. "Mpaka adhuhuri," akasema.

*

Aoko alikaa barazani kwa Nelima alasiri yote, sanduku limefunguliwa miguuni. Ndani mlikuwa na vitu vya mtu aliyekuwa hatupi kitu: taa za redio zilizofungwa kwenye soksi, koili, skrubu ndani ya kopo la kakao, vipaza sauti vya masikioni vilivyoliwa na mende. Alivipanga kimoja kimoja kwenye mkeka. Nelima alikuwa akichambua omena pembeni, na kila Aoko alipoinua kitu alikiangalia.

Chini kabisa, kwenye kitambaa chenye mafuta, Aoko alipata vijisanduku bapa vya chuma, kila kimoja kama kitabu kidogo cha nyimbo, vina miguu miwili ya kufungia waya. Alivitambua kuwa ni kapasita, za zamani kuliko zote alizowahi kushika. Akakipulizia kimoja pumzi, akakisugua kwa pindo la kanga. Chini ya nembo ya nanga zilijitokeza herufi zilizopigwa kwa nyundo. Namba mbili, na neno la Kiingereza: *JARS*.

Alilisoma mara mbili. Kiingereza cha darasa la saba kilimtosha. Jar. Chupa pana, gudulia, mtungi.

"Nelima," akasema, "hebu njoo."

Akatoa mita. Akagusa miguu ya kijisanduku kwa ncha zake mbili, na mita ikasema mbili nukta mbili tatu, kwa kipimo cha siku hizi kiitwacho nanofaradi. Akachukua kingine, kilichoandikwa namba moja. Kikasema moja nukta moja mbili. Cha tatu hakikuwa cha kiwandani. Baba yake alikiunda mwenyewe kwa karatasi ya fedha na vipande vya kioo cha dirisha, na juu yake alikuwa amegundisha karatasi yenye mwandiko ule ule wa kulala: *mtungi nusu*. Mita ikasema nukta tano sita.

"Moja, mbili, nusu," Nelima akasema. Aliishi kwa kupima vitu, hakuhitaji kuelezwa. "Zinalingana."

"Zinalingana."

Aoko akachukua daftari, akaanza kulisoma tangu ukurasa wa kwanza, na sasa lilikuwa linasomeka. Bwana Ndevu alikuwa amesema jar, kwa sababu ndivyo mabaharia wa kwao walivyohesabu enzi zake, na kijana wa Seme akaandika mtungi. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Hata zile sentimita elfu moja alizikumbuka. Aliwahi kufungua redio kuukuu ya Kijerumani akakuta kapasita zimeandikwa kwa sentimita, akadhani kiwanda kimekosea. Kumbe kulikuwa na watu waliopima umeme kwa sentimita. Kwa nini, hakujua, na hajui mpaka leo.

Kilichomshughulisha hakikuwa hicho. Alikuwa akijiuliza kwa nini baba yake hakuwahi kulitaja neno lile mbele yake. Alipoanza kumfundisha, miaka ya sabini, alimnunulia kitabu kipya mjini, na kila siku alisema maikrofaradi, pikofaradi, kama kitabu kilivyosema. Wakati mwingine alisita kabla ya kusema, na Aoko mtoto alidhani anatafuta hesabu. Sasa aliona alikuwa akitafuta neno. Alikuwa amehama lugha ya ujana wake kwa ajili ya binti yake, asimrithishe kipimo kilichokufa, na hakumwambia.

Naye Aoko yuko njiani huko huko. Wateja wake wanapima nguvu ya mota kwa hospawa, na mota mpya zinaandikwa kilowati. Yeye anajua waya kwa geji, geji ishirini na mbili, geji kumi na nane, na waya unaokuja sasa umeandikwa milimita, ana karatasi ukutani ya kumtafsiria. Mtu akifungua daftari lake miaka hamsini ijayo atasoma nini? Aliliacha swali hilo hapo. Palikuwa na la kesho.

*

Siku ya Jumamosi walikuja watu kama thelathini. Kuni zilikuwa zimepangwa karibu na shimo la tatu. Aoko aliomba meza, akaweka juu yake daftari kwenye kitambaa chake cheupe, vile vijisanduku na mita, na pembeni chupa ya glasi ya juisi aliyoijaza maji ya chumvi na kuivika nje karatasi ya fedha ya jikoni.

Hakuwa mzungumzaji. Mbele ya wateja husema bei na siku ya kuchukua, basi. Akaanza vibaya, akaingia kwenye habari za mawimbi na mizunguko, akaona nyuso zikijifunga. Akaacha.

"Mzee Oyugi, tafadhali njoo unisaidie kusoma. Macho yangu mnaweza kuyatilia shaka, ya kwako hapana."

Mzee akaja, akavaa miwani. Alisoma namba zilizopigwa kwenye chuma, kwa sauti, na Nelima akasoma za mita. Mbili, mbili nukta mbili. Moja, moja nukta moja. Nusu, nukta tano na kitu. Kimoja kilikuwa kimekufa, mita ikakaa kimya, na Aoko akakiri kimekufa. Kisha akagusa ile chupa: ncha moja kwenye karatasi ya nje, nyingine kwenye msumari alioutumbukiza majini. Mita ikacheza, ikatulia kwenye nukta sita.

"Zaidi kidogo ya nusu mtungi," Aoko akasema. "Watu wa kwanza waliochezea umeme waliuweka ndani ya chupa kama hii. Kapasita zao zilikuwa mitungi kweli. Baadaye wakaunda hivi vya chuma, lakini hesabu ikabaki na jina la mtungi. Baba alifundishwa hivyo."

Mtu nyuma akasema kwa Kijaluo kwamba mita ni ya mwenyewe, inaweza kusema inachotaka. Wengine wakaguna kukubali. Oyugi alikuwa ameinamia chupa, anaigusa kwa kidole kama inaweza kuwa ya moto. Aoko alihisi jambo linamponyoka.

Ndipo Nelima akasema. Hakupaza sauti, ila alikuwa mwenye msiba, kwa hiyo walinyamaza.

"Mimi nauza omena. Nikitoka sokoni naandika kwa daftari: leo gorogoro kumi na mbili. Kila mtu hapa anapima mahindi kwa gorogoro. Gorogoro ni nini? Si ni mkebe tu? Sasa mimi nikifa, mtu asome daftari yangu, aseme huyu mwanamke alificha mikebe kumi na mbili, achimbe shamba yangu yote?"

Mwanamke mmoja akacheka, akaziba mdomo. Kisha mwingine. Hakikuwa kicheko cha dharau, kilikuwa cha watu waliotua mzigo. Mzee Oyugi akavua miwani, akaikunja.

"Mtungi wa kupimia," akasema, kama anayeonja maneno. "Kama gorogoro." Akachukua kile kitambaa cheupe mezani, akakikunja kikawa kidogo, akakitia mfukoni. "Tutaomba. Lakini hatutachoma."

Si wote walioridhika. Wawili watatu waliondoka kabla ya maombi, na mzee mmoja wa ukoo alisema wazi kwamba mwanamke aliyeolewa hana la kusema katika boma la baba yake, awe na mita au asiwe nayo. Msalaba ulibaki kaburini.

*

Watu walitawanyika, Oketch akabaki uwanjani. Alikuwa amechukua jembe, anafukia shimo la katikati, na Aoko akaja kusimama upande wa pili, akawa anausukuma udongo kwa mguu.

"Unadhani mimi nilimchukia Baba," Oketch akasema.

"Sijasema."

"Nilitaka mtungi uwepo." Akasimama, akaegemea mpini. "Unaelewa? Mtungi unachimbwa, unatolewa, unachomwa, kwisha. Yule wa pili nilimbeba mimi, Aoko. Frankline alishindwa, nikambeba mimi. Alikuwa na kucha. Nilipoona lile neno kwenye daftari, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema, ndiyo hii. Sasa umeniondolea mtungi. Nibaki na nini?"

Aoko akalichukua jembe mikononi mwake, akaendelea kufukia, na mdogo wake akakaa chini kwenye kingo za shimo, akalia kwa mara ya kwanza tangu jambo lile litokee. Alilia muda mrefu. Walipomaliza shimo la kwanza wakaenda la pili. La tatu Aoko aliomba aachiwe. Akalirudisha bamba mahali pake, na mkaa wake juu, kwa sababu hakuona sababu ya kulitoa.

Jumatatu alimchukua Nelima hadi kliniki moja mjini. Mimba zote mbili Nelima alikuwa ameenda zahanati mara moja moja tu, kisha akaachia maombi. Muuguzi alimfunga kitambaa mkononi, akapima presha, akapima tena mkono wa pili, akaita daktari. Ilikuwa juu, na huenda ilikuwa juu tangu zamani bila mtu kujua. Hawakusema kwamba ndiyo iliyoua watoto. Daktari alisema inawezekana, na kwamba mimba nyingine ikija ni lazima aonekane mapema, anywe dawa, apimwe kila baada ya wiki mbili.

"Inawezekana tu?" Nelima akauliza wakiwa nje.

"Ndivyo alivyosema."

"Mtungi ulikuwa na uhakika zaidi," Nelima akasema, na kwa mara ya kwanza Aoko akamwona akitabasamu, kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Mimba ilikuja mwaka uliofuata. Kila baada ya wiki mbili Nelima alifika Kondele asubuhi, wakaenda kliniki pamoja, wakarudi kibandani, akakaa kwenye ndoo akinywa chai huku Aoko akifunga mota. Mzee Oyugi alipita mara moja na spika ya kanisa iliyokuwa inakoroma, akamkuta Nelima hapo, akamwombea bila kugusa mada nyingine. Mimba ilipofika mwezi wa nane, presha ilipanda ghafla. Daktari hakungoja, akamfanyia upasuaji siku hiyo hiyo. Mtoto alikuwa msichana, mdogo kama kuku, akakaa wiki tatu kwenye mashine ya joto hospitalini. Kisha akaenda nyumbani. Walimpa jina Naswa, la nyanya yake Nelima wa Port Victoria, na Oketch, aliyengojea kwa miaka kumpa mtu jina, hakulipinga.

Juzi Nelima alimpigia simu Aoko. Nyuma yake mtoto alikuwa akipiga kelele za kushiba.

"Waya, kuna watu mpaka leo hawapiti nyuma ya ile nyumba ya Mzee. Wanazunguka hadi kwa mihogo. Niwaambie nini?"

"Wanakanyaga mihogo?"

"Hapana. Wanazunguka vizuri tu."

"Basi waache wazunguke," Aoko akasema. Akabana simu kwa bega, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi, na alikuwa amefika mzunguko wa mia moja na themanini.